Washa za Pampu ya Baba

Majengo, Meru
Jumapili, baada ya ibada

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Najua hapo Karurumo shikamoo huishia darasani, lakini ni wewe uliyetufundisha kwamba mtu anayeanza barua bila kuamkia ni sawa na mgeni aliyeingia kwa dirisha. Basi naingia kwa mlango. Goti lako linaendeleaje tangu mvua zianze? Mama ameacha kubeba madebe ya maji kutoka kwa tangi, au bado anasema kwamba nyinyi wanaume mnachelewa? Na ng'ombe yule mweusi, ameshazaa? Hapa mimi ni mzima kabisa, namshukuru Mungu. Hata nimenenepa kidogo. Usimwambie Mama, ataanza kushangilia.

Nimeamua kuandika kwa sababu simu unanikatia. Barua huwezi kuikata. Ukiikunja ukaitia kabatini utairudia tu, maana tangu nikujue hujawahi kuacha karatasi bila kuisahihisha. Kwa hiyo chukua kalamu yako nyekundu, keti kwenye kiti chako karibu na dirisha, na unisahihishe upendavyo. Ila unisome mpaka mwisho.

Neno lenyewe ni hili, nisilizunguke kama kuku anayetafuta pa kutagia. Mama ameniambia umesema kwamba maadamu binti yako anashika bunduki, hutawafungulia lango wazee wa Mutwiri watakapokuja kuniposa Jumamosi ya kwanza baada ya Pasaka. Tena ameniambia ulisema ukiwa umesimama. Nakujua. Jambo ukilisema umeketi, tunaweza kulizungumza. Ukilisema umesimama, limekwisha.

Lakini bila wewe hakuna posa, Baba. Wajomba wanaweza kuzungumza na wazee wa Meru wanaweza kuleta mbuzi wao, lakini mimi sitatoka kwenye nyumba ambayo mwenyewe amejifungia chumbani. Nampenda Mutwiri, nalisema wazi. Na wewe nakupenda, hilo pia nalisema wazi, ingawa kwetu mambo hayo hayasemwi. Sitaki kuchagua. Ndiyo maana nataka uijue kazi yangu ilivyo, si vile ulivyosimuliwa na Mzee Ireri pale nje ya kanisa.

Kambi yetu ya mchezo wa kurushiana rangi iko juu ya mji, karibu na msitu, mahali penye ukungu mpaka saa nne za asubuhi. Wateja ni watu wa ofisi, walimu, vyama vya akina mama, vijana wa makanisa. Wanakuja kujenga umoja, tim-bilding wanavyoiita. Mimi sijui ni umoja gani unaojengwa kwa kumpiga mkubwa wako wa kazi na rangi ya manjano, lakini nimeona kwa macho yangu kwamba wakiondoka wanakumbatiana.

Kila mmoja hupewa kinyago cha kufunika uso na chombo chenye mtutu na kifyatulio. Juu ya chombo kuna kibuyu cha plastiki kilichojaa vidonge vya rangi, na nyuma kuna mtungi mdogo wa gesi. Ukivuta kifyatulio, gesi inasukuma kidonge kimoja, kinaruka, kinapasuka kikikutana na mtu. Ndani mna rangi ya kuoshwa kwa maji tu. Ngozi ya kidonge ni laini, kama ile ya vidonge vya mafuta ya samaki ambavyo Mama alikuwa akitulazimisha kumeza. Kinauma kidogo, kama kupigwa na chaki. Na kwa habari ya kurusha chaki, Baba, wewe ulikuwa stadi, hukukosa hata aliyejificha nyuma ya kaka yangu Njeru.

Meneja wetu, Madam Karimi, ametukataza kuviita bunduki. Anataka tuviite maka, kwa sababu anasema vilibuniwa kwanza kwa ajili ya kutia alama miti ya kukatwa na ng'ombe walioko malishoni. Ni kweli, lakini mimi sitajificha nyuma ya jina. Vinafanana na bunduki. Siku ya kwanza nilipoviona vimepangwa ukutani nilimkumbuka Babu, na nikarudi jikoni haraka.

Maana niliajiriwa jikoni, kama ulivyojua, kumenya viazi. Ungeniona hapo mpaka leo, kama si masikio. Siku moja nilikuwa napeleka chai stoo nikasikia sauti ndogo, ssss, kama ya mtu anayemnyamazisha mtoto kanisani. Nikasimama na trei mkononi. Baba, ilikuwa sauti ya pampu yako ya kahawa.

Madam Karimi alikuwa ameshika maka moja kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa wenyewe. Fundi wao alikuwa ameacha kazi wiki hiyo.

"Wawira, hii kitu inalia tangu asubuhi," akaniambia, "na hata sijui inalilia nini."

"Ni washa, Madam, ile pete ya mpira."

"Umejuaje na hujaishika?"

"Nimesikia. Kwetu tuko na pampu ya kunyunyizia kahawa dawa. Inalianga hivyo hivyo."

Nikaomba maji ya sabuni. Nikapaka pale shingoni ambapo mtungi hukutana na maka, na povu likaanza kufura mahali pamoja tu. Tukaufungua mtungi. Ile washa ya mpira iliyo mdomoni ilikuwa imekatika upande. Nikaweka nyingine, nikafunga, tukasikiliza wote wawili. Kimya. Madam Karimi akaniangalia, akaiangalia maka, akasema, "Hizo viazi wacha mtu mwingine amenye."

Sasa nikurudishe kwenye pampu yako, maana ndiyo shule yangu ya kwanza. Unakumbuka kila msimu wa kopa, ile dawa ya bluu, jinsi pampu ilivyokuwa ikikuvujia? Ulikuwa unatoka shambani mgongo wote bluu, shati limegandamana na ngozi, nasi tukijificha nyuma ya jikoni tukicheka kwamba leo ubao umemwandika mwalimu. Mama hakucheka. Alikuwa anakuosha ule mgongo kwa maji ya vuguvugu na kunung'unika kwamba dawa ya miti si dawa ya watu. Halafu Jumamosi ulikuwa ukitandika gunia uani, unaifungua pampu yote, unatoa ile washa iliyochoka, unaipaka mafuta ya kukamulia ng'ombe, unairudisha. Mimi nilikuwa nakushikia kikopo. Pampu ilinyamaza kidogo, kisha ikaanza tena.

Basi sikiliza yaliyonipata. Mwaka jana katika baridi ya mwezi wa saba, maka zote zilikuwa kavu. Vyuma vilikuwa vikikwaruza ndani, na ile grisi yake maalumu ilikuwa imeisha. Wewe ulituambia kila siku kwamba kuuliza si ujinga. Siku hiyo sikuuliza. Nilikuwa na kopo la mafuta ya kukamulia ambalo Mama alinifungia nilipotoka nyumbani, la kupaka mikono isipasuke. Nikakumbuka gunia lako uani. Nikachukua maka moja baada ya nyingine, nikazifungua, nikapaka kila washa mafuta hayo mpaka zikang'aa. Zilikuwa zinateleza vizuri ajabu. Niliimba nikifanya hivyo, Baba. Nilijiona fundi wa mafundi.

Siku chache baadaye wakaja watu wa benki kutoka Nairobi. Wakavaa vinyago, wakagawana timu, wakatukanana kwa furaha. Nikawapa maka. Ya kwanza ilifyatua mara moja ikakwama. Ya pili ikaanza kulia, ya tatu ikaipokea sauti, mara uwanja mzima unalia ssss kama sufuria za githeri za mazishi. Moja ilikuwa inasaga vidonge humo ndani na kutapika rangi kwa mdomo. Nilipoifungua niliona washa zimefura kama maharagwe yaliyolowekwa. Zilikuwa hazitoshei tena mahali pake.

Nikaketi kwenye kreti pale stoo. Nje nilikuwa namsikia Madam Karimi akiwaambia wageni kwamba kuna kuchelewa kidogo, wangoje kidogo, wanywe chai kidogo. Nilijua kwamba jioni nitakuwa njiani kurudi Karurumo na mfuko wangu.

Ndipo akaingia kijana mrefu na mitungi miwili begani. Anafanya kazi mjini, mahali wanapojaza gesi na kukarabati ile mitungi myekundu ya kuzimia moto. Alikuwa amezoea kutuletea gesi, lakini mimi nilikuwa sijawahi kumwangalia vizuri.

"Muga," akaniamkia kwa lugha ya kwao. "Mbona umekaa kama mtu amefiwa?"

"Zimekufa zote."

Akaweka mitungi chini, akachukua maka moja, akainusa. Akaninusa na mimi, kwa mbali, kwa heshima.

"Hii si mafuta ya ng'ombe?"

"Ni ya kukamulia. Baba yangu hupakanga kwa pampu."

"Na hiyo pampu ya mzee ilipona?"

Nilifungua mdomo niseme ndiyo, Baba, nikutetee. Kisha nikauona mgongo wako.

"Haikupona," nikamwambia.

Alicheka mpaka akashika meza. Halafu akavua koti. "Kuja tuoshe," akasema. "Mpira wa hizi washa unakunywa hayo mafuta mpaka unafura. Hata sisi kwa ile mitungi ya moto, mtu akipaka hiyo, bosi anamfukuza na miguu."

Tukaziosha kwa maji ya sabuni, sehemu moja moja, tukafuta, tukatupa washa zilizoharibika. Nyingine alizitoa kwenye sanduku lake mwenyewe, zilikuwa za mitungi ya moto lakini saizi ilikubali. Akanionyesha grisi ya silikoni, nyeupe, isiyo na harufu: unaweka kidogo kabisa kwenye kidole, unaizungusha mpaka washa ing'ae kama jicho la mbuzi. Ukiona grisi, umezidisha. Huko nje Madam Karimi alikuwa amewapa watu wa benki kamba wavutane. Hatukuzimaliza zote, lakini tulipata za kutosha timu moja, nyingine ikisubiri zamu yake, na wageni wakadhani ndivyo mchezo ulivyo.

Jioni nikaenda kwa Madam Karimi nikamwambia ni mimi niliyeziharibu. Hakushangaa. "Najua," akasema. "Mikono yako inanuka zizi. Kesho uoshe zile zimebaki mpaka zinuke kama duka mpya." Nikangoja aseme la kufukuzwa. Akasema tu nisisahau kufunga dirisha la stoo.

Hivyo ndivyo nilivyompata Mutwiri, Baba: kwa mafuta yako. Ukimfungia lango, kumbuka kopo lilitoka nyumbani kwako.

Tangu siku hiyo stoo ni yangu, na naipenda kazi hii kuliko nilivyotarajia kupenda kazi. Nikifika asubuhi siwashi redio. Nafunga mitungi, natulia, nasikiliza. Inayolia naijua kabla sijaiona. Kama sauti inatoka shingoni, ni washa ya mtungi. Kama upepo unatoka mbele, kwa mtutu, ni kizibo cha ndani kimechoka au kimeingia uchafu. Ikifyatua bila kurudi mahali pake, naangalia kama ni kavu au mtungi umeisha, kabla sijaanza kuifungua bure. Ikipasua vidonge ndani, kwanza naangalia vidonge vyenyewe, maana huku kwa ukungu vinalowa unyevu na kufura, kisha napitisha kitambaa kwa mtutu. Nimewazoesha wote kusimamisha mtungi wima, kwa sababu kwenye baridi gesi ikiingia ikiwa maji inageuka barafu na kupasua mpira. Na kabla ya kufungua chochote, natoa mtungi, naelekeza mtutu ardhini mahali pasipo na mtu, nafyatua mpaka pumzi yote iliyobaki itoke. Usipoitoa, itakurukia usoni. Kazi kubwa ya fundi ni kutoharakisha, na hilo nalo nililitoa uani kwetu.

Nyumbani pia niko salama. Nimepanga chumba nyuma ya duka la nyama, kwa mama mmoja anayeitwa Mama Zuhura. Adhana hunitoa kitandani mapema, kwa hiyo kazini sichelewi kamwe. Akiona nimechelewa kula ananigongea na sahani. Alipojua naandika barua kwa baba yangu mwalimu alisema, "Basi andika Kiswahili cha maana, usituaibishe Majengo." Nimejaribu.

Sasa nifike kwa Mzee Ireri. Nitasema kwa adabu kwa sababu ni mzee wa kanisa na ni rafiki yako tangu mkiwa wavulana. Ni kweli alikuja na vijana wa kanisa letu, ni kweli alinikuta nafunga mtungi kwenye maka, na ni kweli alinipiga picha kwa simu yake. Mpaka hapo hakukuongopea. Lakini alikueleza yaliyofuata?

Alizunguka zunguka pale stoo akiguna. Kisha akaniuliza, taratibu, kama mtu anayeomba chumvi, "Wawira, na mzee kama mimi anaweza kujaribu? Kidogo tu, nione vile vijana wanapotoka."

Nikampa kinyago. Baba, Mzee Ireri, ambaye kanisani hapigi magoti kwa sababu ya mgongo, alitambaa. Alitambaa kwa tumbo kutoka gogo hadi gogo, kwenye matope, akampiga mwalimu wa kwaya begani, akapiga kelele ambayo sijawahi kuisikia hata siku ya Krismasi. Wasichana wa soprano ndio waliomkomesha: walimzunguka wakampaka manjano tumbo lote. Alilifulia shati lake kwenye bomba letu, halikukauka, akarudi nyumbani na sweta ya mwalimu wa kwaya. Kama ulijiuliza sweta ile ilitoka wapi, ndiyo hiyo.

Kabla hawajaondoka alinishika mkono. "Mwanangu," akasema, "mambo ya huku yabaki huku, sindio?" Mimi nilinyamaza. Asiyenyamaza ni yeye. Kuna ule msemo wa nyani ambao Mama hapendi niutamke, nami siutamki. Msalimie tu, umuulize hali ya tumbo.

Lakini najua si Mzee Ireri aliyekufanya usimame.

Najua ni paja la Babu. Ulituambia mara moja tu, na mara moja ilitosha. Kwamba wakati wa Hali ya Hatari Babu alikuwa anatoka mtoni na maji, hana kitu kingine mkononi, askari wa mkoloni wakampiga risasi. Kwamba ile risasi haikutolewa, na wewe ukiwa mdogo ulikuwa ukiigusa chini ya ngozi yake, ngumu kama punje ya mahindi, naye anakuachia uiguse. Tulimzika nayo. Njeru alipochonga bunduki ya mti wa kahawa, ukaichukua ukaitia motoni chini ya chungu, ukasimama pale mpaka ikaisha yote. Tulikuogopa siku hiyo. Mimi nilidhani una hasira. Siku hizi nadhani ulikuwa unalia.

Nikuambie jambo ambalo sijamwambia hata Mama. Mwezi uliopita mteja mmoja, mtu mkubwa, mwenye tumbo na walinzi wa kumbebea koti, alitoka uwanjani na maka yake bila kuivisha soksi. Kila mtutu tunauvisha soksi ya kitambaa kizito ukiwa nje ya uwanja, hata kama hauna kitu ndani, na mimi ndiye ninayepiga kelele za soksi siku nzima mpaka wateja wananiita Mwalimu. Yule bwana akapita jikoni, akamkuta mpishi wetu akichota maji kwenye pipa, akamwelekezea kwa mzaha. "Mikono juu, mama!" Mpishi akaangusha ndoo. Wenzake wakacheka.

Sikujua nilifikaje pale. Nilishika ule mtutu nikauelekeza chini, nikautoa mkononi mwake.

"Wewe msichana, unajua mimi ni nani?" akaniuliza.

"Sijui," nikamwambia. "Lakini babu yangu alikuwa ametoka kuchota maji kama huyu. Alipigwa risasi ya ukweli na akazikwa nayo. Hapa hakuna mzaha wa kuelekezea mtu hajakubali kucheza."

Nilidhani kazi imeisha. Madam Karimi alikuwa amefika, akasimama kando yangu, akavisha soksi ule mtutu yeye mwenyewe polepole, kila mtu akiona. Yule bwana akainama akaiokota ndoo, akaijaza, akampa mpishi. Akasema pole. Akaniambia na mimi pole, na akauliza jina la babu yangu. Nilimtajia.

Kwa hiyo usidhani nimemsahau Babu, wala usidhani nimeichukua kazi hii kwa kuwa sikukusikia. Nafanya kazi naye kila siku. Hapa ndipo mahali pekee ninapojua ambapo chombo chenye mtutu hakiondoki mkononi mwangu mpaka nijue hakitamuumiza mtu. Kama kazi hii ni lazima ifanywe na mtu, na watu hawa wa ofisi hawataacha kuja, si afadhali ifanywe na mjukuu wake?

Pamoja na barua hii kuna kifurushi. Njeru ataenda kukichukua Runyenjes kwenye ofisi ya vifurushi. Ndani kuna washa za pampu yako. Nilipokuja Krismasi niliichukua washa yako moja ya zamani kutoka kwenye kile kikopo cha misumari, nikaileta huku, na Mutwiri akazunguka nayo mjini mpaka akapata saizi yenyewe. Alikataa kunipa zinazokaribiana. Alisema mzee akiona imelegea atasema watu wa Meru ni walegevu. Kuna pia tyubu ndogo ya grisi nyeupe.

Fanya hivi. Kwanza toa upepo wote uliobaki kwenye pampu. Halafu fungua kichwa, ubadilishe washa kubwa. Ndogo mbili ziko kwenye mpini wa kunyunyizia, na hizo ndizo zilizokuwa zinakulowesha miaka yote, si ile kubwa uliyokuwa ukiilaumu. Osha matundu yake kwa maji na kitambaa, usichokore kwa msumari. Paka grisi kidogo kabisa. Funga kwa mkono, usitumie koleo. Kisha weka maji matupu, piga pampu, upake povu la sabuni kwenye maungio, uangalie kama litafura. Na yale mafuta ya kukamulia, tafadhali Baba, yarudishe kwa ng'ombe.

Nisalimie Mama, umwambie sweta aliyonifumia ndiyo inayoniokoa na baridi ya huku. Njeru, kaka yangu, umwambie asijaribu zile washa kwenye pikipiki yake. Cucu, nyanya yetu, umshike mikono kwa niaba yangu, umwambie Mutwiri, yule mvulana wa Meru aliyemtania kwa simu kuhusu meno yake, anamsalimu sana. Mwalimu wa kwaya naye msalimie, na umwambie sweta yake itarudi, awe na subira.

Nitafika Ijumaa asubuhi, siku moja kabla ya wageni, saa zile unazopiga kahawa dawa. Sitakuuliza neno, na wewe hutalazimika kunijibu, maana sisi wawili tunajuana. Nitapita tu njia ya chini, kando ya shamba, niliangalie shati lako mgongoni. Nikiliona lina bluu, nitampigia Mutwiri simu papo hapo, wazee wake wasitoke nyumbani, na sitakulaumu, nitakuosha mgongo kama Mama. Nikiliona limekauka, nitajua umezifunga washa za Mutwiri, nami nitapita moja kwa moja jikoni nianze kumenya viazi vya wageni.

Binti yako anayesikiliza,
Wawira